Tunapouza Miti, Tusiuze na Ardhi Yake



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, tulishuka pamoja na wajumbe wachache wa Halmashauri ya Walei kwenda kulitazama shamba la miti la parokia, lile la bondeni lenye ekari tano. Wengi wenu mnalifahamu vizuri, kwa kuwa mlishika majembe kulipanda. Hatukwenda kutembea, tulikuwa na jambo la kuamua. Shamba letu la pili, lile la kilimani, limekomaa, na mfanyabiashara wa mbao amekwisha kuja mara mbili kuuliza bei. Anataka kuanza kukata mwezi wa Februari, mvua zikiwa bado zinanyesha, na amesema bila kuficha kwamba tukimchelewesha atakwenda kwa jirani. Wajumbe wa kamati ya fedha wanaona tukubali, kwa maana nyumba ya masista haijaezekwa na deni la saruji halijalipwa. Sisi tuliomba jambo moja tu: kabla ya kutia sahihi, twende kwanza tukaone yaliyotupata bondeni.

Tulipofika, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ukisimama ukingoni mwa shamba lile utaona misindano iliyopandwa juma moja, kwa miche iliyotoka katika kitalu kimoja, ikiwa imegawanyika makundi mawili. Iliyo mingi imenyooka na kusitawi. Lakini kati yake zinapita njia nne, zinashuka kutoka mwinukoni hadi kwenye uwanja wa kupakilia magogo, na ndani ya njia hizo miti ni mifupi, majani yake yamefifia na kuwa ya manjano, na mingine ilikwisha kukauka zamani ikabaki vijiti. Mti ulio nje ya njia umepita paa la nyumba ya mapadre. Mwenzake ulio hatua tatu tu kutoka hapo, kijana wa sekondari anaweza kuukunja na kukishika kilele chake. Njia hizo nne ndizo zilizopitiwa na trekta mwaka 2018.

Hatuna budi kukiri mbele yenu yaliyotokea mwaka ule, kwa sababu uamuzi ulikuwa wetu. Miti ya bondeni iliuzwa mwezi wa Machi. Tulitaka fedha zipatikane kabla ya Pasaka ili mabati ya kanisa yanunuliwe, na mnunuzi naye alitaka kuwahi soko. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri. Trekta liliburuta magogo kutoka juu hadi chini, na kila njia ilipogeuka kuwa matope, dereva aliiacha na kufungua nyingine. Tuliona mifereji ya magurudumu ikijaa maji, tukasema moyoni kwamba udongo ni udongo, utajirudi wenyewe. Matawi na majani yakakusanywa na kuchomwa moto ili shamba liwe safi. Fedha zilipatikana, mabati yakanunuliwa, nasi tukamshukuru Mungu. Mwezi wa Januari 2019 tukapanda upya. Leo ardhi ile inatuonyesha hesabu ambayo mwaka ule hatukuifanya.

Mpendwa msomaji unaweza kuuliza: udongo uliokanyagwa hupoteza nini hasa, hata mti ushindwe kukua? Tulipokuwa seminarini, mlezi wetu aliyesimamia shamba alikuwa na desturi ya kutufundisha jambo hilo kwa kopo. Alichukua kopo lisilo na kitako, akaligongomea ardhini katikati ya tuta la bustani, akalijaza maji. Tulipokuwa bado tunahesabu, maji yalikwisha kunywewa. Kisha akaligongomea katika kijia tulichopitia kwenda kanisani, akalijaza maji yale yale. Tulikwenda kusali sala ya mchana, tukarudi, na maji bado yalikuwamo. Udongo wa mahali pote pawili ulikuwa wa aina moja. Tofauti ilikuwa ni nyayo zetu.

Udongo mzuri wa msitu si kitu kigumu kilichojaa. Karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi ndogo ndogo kati ya chembe na chembe, na ndani ya nafasi hizo mna maji, hewa, na njia za mizizi. Trekta la kawaida lina uzito wa tani tatu hivi kabla halijafungiwa gogo. Linapopita, chembe husogezwa karibu, na nafasi zinazotangulia kuangamia ni zile kubwa, ndizo zinazopitisha maji na hewa. Udongo ukiwa mkavu, chembe zake hushikana na kuukinza mzigo kwa kiasi. Ukiwa umelowa, maji huzilainisha chembe zikateleza, na udongo ukashindiliwa kwa urahisi hadi chini. Ndiyo maana trekta lile lile, kwa mzigo ule ule, huacha alama ndogo mwezi wa Agosti na jeraha mwezi wa Machi.

Hali kadhalika, sehemu kubwa ya madhara hutokea katika safari chache za mwanzo. Dereva anayeikwepa njia iliyoharibika na kufungua nyingine anadhani anauhurumia udongo, kumbe anaongeza eneo la uharibifu. Njia iliyokwisha kushindiliwa haiwezi kudhurika sana kupita hapo. Ardhi mpya ndiyo inayopata hasara yote tangu mwanzo. Mahali ambapo mashine huachwa zipite zitakapo, si ajabu robo ya shamba kukanyagwa. Tukipanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, ekari moja huchukua miche ipatayo 450. Robo yake ni miche zaidi ya 110 iliyotiwa katika ardhi isiyoweza kuilisha.

Mche uliopandwa katika ardhi ya namna hiyo hupata taabu nyingi kwa pamoja. Mizizi yake michanga haiwezi kupenya, hivyo huzunguka ndani ya shimo la jembe kana kwamba mche ungali katika kifuko cha kitaluni. Wakati wa mvua maji hutuama na mizizi hukosa hewa; wakati wa kiangazi mizizi iliyobaki juu haifikii unyevu wa chini. Aidha, misindano haijilishi peke yake. Mizizi yake huishi kwa ushirika na kuvu wa udongoni, ambao huileta fosforasi na maji kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Katika nchi kadhaa za Afrika, misindano ya kwanza kuletwa ilidumaa hadi ulipoletwa udongo wenye kuvu hao. Magurudumu na magogo yakilikwangua tabaka la juu, yale mabuzi ya majani yaliyooza pamoja na udongo mweusi wa chini yake huondoka, na kuvu hao huondoka nalo. Tukiongeza moto juu ya hayo, naitrojeni iliyokuwa katika majani na matawi hupaa pamoja na moshi. Majani na vitawi ni sehemu ndogo ya uzito wa mti, lakini vina sehemu kubwa ya chakula chake. Shamba tuliloliita safi lilikuwa limefagiliwa akiba yake.

Haya si maneno ya mapadre wala ya wazee peke yao. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1976 kuhusu misitu ya taifa iliagiza kwamba uvunaji usiidhoofishe ardhi kwa kudumu. Wataalamu wakajiuliza: tutajuaje kama imedhoofika? Mwaka 1989 Idara ya Misitu ya nchi hiyo ikaanzisha utafiti mkubwa wa muda mrefu, na eneo la kwanza likaandaliwa Louisiana mwaka 1990. Utafiti huo ulienea katika majimbo mengine na hadi Kanada. Katika kila eneo waliondoa masalia ya mavuno kwa viwango vitatu: mahali pengine magogo tu, mahali pengine mti mzima pamoja na matawi, mahali pengine hata majani yaliyooza juu ya ardhi. Vile vile waliushindilia udongo kwa viwango vitatu: bila kuushindilia, kwa kiasi, na kwa nguvu. Kisha wakapanda miti na kungoja.

Baada ya miaka kumi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 hayakuwa na jibu moja kwa udongo wote, nasi tutakuwa tumekosa uaminifu tukisema vinginevyo. Katika udongo wa mfinyanzi, kushindiliwa kulipunguza ukuaji wa miti. Katika udongo wa mchanga, miti ilikua hata vizuri zaidi, kwa sababu mchanga una nafasi kubwa mno zinazopoteza maji, na ulipobanwa ukayashika. Huko California wataalamu waliilinganisha misindano aina ya ponderosa katika udongo wa aina tatu: kwenye mfinyanzi ilipungua, kwenye tifutifu haikuonyesha tofauti, kwenye mchanga iliongezeka. Na mahali walipoondoa kila kitu cha juu, udongo ulipungukiwa na kaboni hadi kina cha sentimita 20, na chakula cha mimea kikapungua.

Basi ni juu ya kila mmoja kujua amesimama juu ya udongo gani. Udongo wa vilima vyetu vya Mufindi, mahali pengi, ni ule mwekundu wenye mfinyanzi. Tuko upande wa wanaopata hasara. Tena mfinyanzi wetu mwekundu hauna tabia ya udongo mweusi wa mbugani, ambao hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, ukajilegeza wenyewe mwaka hadi mwaka. Katika nchi za baridi kali barafu huingia ardhini na kuutibua udongo. Kwetu sakitu ya alfajiri ya Julai huunguza majani ya viazi, lakini haigandishi ardhi kwa kina. Kazi ya kuulegeza udongo wetu imeachiwa mizizi, mchwa na minyoo, nao hufanya kazi hiyo polepole sana. Tabaka la chini likishindiliwa huchukua miongo mingi. Mtu anaweza kuvuna mara mbili kabla kosa la juma moja halijafutika.

Tulipokuwa tungali bondeni, mzee mmoja wa Halmashauri, ambaye ujuzi wake wa miti tunauheshimu, alituuliza: "Baba Paroko, mbona mwaka ule wa kwanza miche ya njiani ndiyo iliyokuwa inapendeza? Sisi tulipalilia kwingine kote, njiani hapakuwa na magugu." Tulimjibu kwamba amesema kweli, na kwamba ukweli huo ndio uliotudanganya. Katika ardhi iliyoshindiliwa magugu nayo hushindwa kuota, hivyo mche hupata nafasi na mwanga, na kwa msimu mmoja au miwili huonekana umebarikiwa. Udongo wa shimo ulilolichimba kwa jembe unamtosha mtoto. Taabu huanza mizizi inapofika kwenye ukuta wa shimo. Anayekagua shamba katika mwaka wa kwanza tu atatoa taarifa njema, na taarifa hiyo itakuwa ya uongo bila yeye kukusudia. Mzee wetu alitikisa kichwa, akasema, "Basi, Baba, tulihesabu vifaranga kabla ya kunguru."

Hapo tulikumbuka mfano wa mpanzi, ambao sisi sote tumeusikia tangu utotoni. Mara nyingi tunapouhubiri tunaharakisha kufika kwenye udongo mzuri na mavuno yake, na ile mbegu iliyoanguka njiani tunaipita upesi, kana kwamba njia iliumbwa kuwa njia. Lakini njia ya kando ya shamba ilikuwa udongo kama udongo mwingine. Kuna waliopita juu yake, leo na kesho, kila mmoja akiwa na safari yake ya halali, hadi ikawa ngumu. Mbegu haikuwa na kosa. Mpanzi naye hakuwa na kosa. Na wale waliopita hawakuwapo siku ya kupanda wala siku ya kuvuna. Walikuwa wamekwisha kufika waendako. Tunaomba tuulizane: katika mashamba yetu, ni nani aliyepita, na ni nani anayebaki na njia?

Jibu ndilo linalotusukuma kuandika juma hili. Mfanyabiashara huondoka na mbao. Mwenye shamba hupokea fedha. Hasara hubaki ardhini, na atakayeilipa ni yule atakayepanda baada yetu, ambaye kwa kawaida ni mtoto wetu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika jambo hili tunaweza kuchuma sisi na kuwaachia wa kwetu kula peke yao. Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 aliweka sehemu nzima juu ya haki kati ya vizazi. Huenda wengine walidhani maneno hayo yanawahusu wenye viwanda wa nchi za mbali. Yanaihusu pia kamati ya fedha ya parokia ya kijijini, yenye trekta moja la kukodi na deni la saruji.

Wilaya yetu inaishi kwa miti. Hapa lipo shamba la Serikali la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti nchini, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939. Pembeni mwake familia nyingi zimepanda ekari moja, mbili, au nusu, na tangu mwaka 2014 mradi wa Panda Miti Kibiashara, ulioshirikisha nchi yetu na Ufini, uliwahimiza wengi kupanda kwa utaalamu. Tumejifunza kuchagua mbegu, kupanda kwa nafasi, kupogoa, na kuweka barabara za kuzuia moto. Katika mikutano mingi ya wakulima tuliyoalikwa kuifungua kwa sala, maneno mengi yalihusu bei ya mti uliosimama. Juu ya hali ya ardhi siku mnunuzi anapoondoka, tulisikia machache. Mti unaandikwa katika mapatano kwa kipenyo chake. Ardhi haiandikwi popote, kana kwamba haina bei.

Hapa tunatoa maoni yetu waziwazi, nanyi mna uhuru wa kutupinga katika mkutano. Tunaona parokia isiuze miti ya kilimani mwezi wa Februari. Tungoje hadi Julai au Agosti, ardhi ikiwa imekauka, hata kama mnunuzi huyu atakwenda zake na hata kama atakayekuja atatoa bei pungufu. Nyumba ya masista imengoja miaka miwili. Masista wenyewe, tulipowaeleza, walisema wanaweza kungoja miezi sita. Shamba la kilimani lina mteremko mkali kuliko lile la bondeni. Njia za trekta juu ya mteremko ule zitageuka mifereji, na udongo utakaochukuliwa utashuka hadi kwenye kijito ambacho akina mama wa jumuiya mbili huchota maji.

Tunafahamu pingamizi lenye uzito kuliko yote, nalo ni la maskini. Wapo ambao hawawezi kungoja. Mahitaji ya shule hayangoji Agosti, wala mgonjwa aliyelazwa hangoji kiangazi. Mtu aliyebanwa namna hiyo akiuza miti yake masika, asihukumiwe na yeyote, na sisi tusiwe wa kwanza. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, yule anayeweza kungoja ana wajibu wa kungoja, na parokia inaweza. Tena hata mwenye kulazimika kuuza wakati wa mvua si kwamba hana la kufanya. Anaweza kuchagua wapasuaji wenye mashine ndogo ya dingidongi, inayosogezwa karibu na miti, mbao zikabebwa na vijana kwa kichwa au begani hadi barabarani, kuliko trekta kuburuta magogo katika shamba zima. Nyayo za vijana hushindilia kidogo mno zikilinganishwa na magurudumu.

Kwa wale watakaovuna kwa mashine, tunapendekeza mambo machache, nasi tutayaweka katika mapatano ya parokia kwa maandishi. Kwanza, njia za trekta zichaguliwe na kuwekewa alama kabla mti wa kwanza haujaangushwa, ziwe chache, na trekta lisitoke ndani yake kwa sababu yoyote. Magogo yavutwe kwa kamba au winchi hadi njiani. Pili, matawi yatandazwe juu ya njia hizo, unene wa kutosha, ili magurudumu yapite juu ya matandiko na si juu ya udongo mtupu. Tatu, siku mvua ikinyesha kazi isimame, na isianze tena hadi udongo uliofinyangwa kiganjani usishikamane. Nne, masalia yasichomwe. Yapangwe kwa mistari kati ya safu za miche yaoze hapo, huku barabara za moto zikisafishwa vizuri kuzunguka shamba. Tano, sehemu ya malipo ibaki mikononi mwa mwenye shamba hadi ardhi ikaguliwe na pande zote mbili.

Na mahali ambapo kosa limekwisha kutendeka, bado lipo la kufanya. Njia zilizoshindiliwa zipasuliwe kwa sururu au kwa jembe refu la kuvutwa na trekta, lakini wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu na wenye kuvunjika; ukipasuliwa ukiwa umelowa, chuma kitaupaka tu kama mfinyanzi anavyolainisha chungu. Mashimo ya njiani yachimbwe mapana na marefu kuliko ya kawaida, yachanganywe na udongo wa juu na majani yaliyooza kutoka chini ya misindano mikubwa, ili wale kuvu tuliowataja warudi. Anayetaka kujua shamba lake liko katika hali gani na achukue kopo la mlezi wetu: mahali pamoja njiani, mahali pamoja nje ya njia. Maji yatamwambia.

Tungependa kumalizia na jambo ambalo hatukupanga kulisikia siku ile. Tulipokuwa tukipanda kurudi, mama mmoja mjane ambaye nusu ekari yake inapakana na shamba letu la bondeni alitusalimu, akatuonyesha miti yake. Nayo ina njia mbili. Aliuza mwezi ule ule wa Machi 2018, na trekta lilikuwa lile lile. Tulimwuliza kwa nini hakungoja kiangazi. Alitutazama kwa mshangao, akasema, "Baba, niliona parokia inakata. Nikasema, kama Baba Paroko amekubali, basi hakuna neno."

Hakusema kwa lawama, na kwa sababu hiyo neno lake lilituingia zaidi. Katika masomo yetu ya maadili tulifundishwa kwamba aliyemsababishia mwenzake hasara hamalizi wajibu wake kwa kusikitika. Inampasa kufidia kadiri awezavyo. Njia nne za bondeni ni hasara ya parokia, na parokia itaibeba. Njia mbili za mama huyu ni hasara aliyoipata kwa kuufuata mfano wetu. Kwa hiyo tumekubaliana na vijana wa VIWAWA kwamba mwezi wa Agosti, kabla jembe halijagusa shamba la parokia, sururu zitaanza katika nusu ekari yake, nasi tutakuwapo na sururu yetu. Miche ya kujazia itatoka katika kitalu chetu bila malipo, nayo itapandwa mvua za mwanzo zitakapokuwa zimekolea.

Mkutano wa Halmashauri utafanyika Dominika ijayo baada ya Misa ya kwanza. Wenye maoni tofauti waje wayaseme, maana uamuzi ni wa parokia nzima, na deni la saruji nalo ni la wote. Atakayetaka kulitazama shamba la bondeni kabla ya mkutano, mlinzi atamfungulia mlango. Achukue kopo.

Tunawatakia juma jema lenye baraka za Mungu.

Paroko wenu.